Wanne Mlangoni

Jumanne, 14 Januari 2014

Daftari jipya. La zamani lilijaa malalamiko juu ya mgongo wangu, likaisha. Hili litakaa kwenye sanduku la viola, chini ya kitambaa cha kufutia nyuzi. Hakuna mahali salama zaidi katika okestra nzima. Nani ataiba kitu kwenye sanduku la mpiga viola?

Sababu ya kuanza leo: Bi Vlasta Horáčková amempigia simu Radovan. Bi Vlasta alikuwa mfamasia, sasa amestaafu, na ndiye mwenyekiti wa chama cha wapenda muziki cha hapa mjini – wale watu mia mbili wanaonunua tikiti za mwaka mzima na kusikiliza kama wanasahihisha mtihani. Kwarteti ya Praha, kundi la wapiga nyuzi wanne, iliyokuwa ije tarehe 27 Machi haiji. Mpiga chelo wao kavunjika mkono akiteleza kwenye theluji. Je, sisi tutaweza?

Sisi! Radovan Šimíček, fidla ya kwanza. Jitka, fidla ya pili. Mzee Oldřich, chelo, lile fidla kubwa la sakafuni. Na mimi Bohouš, viola, ile fidla nene inayochekwa na okestra nzima. Wote wa Okestra ya Mji. Tulianza Oktoba, siku ile basi la okestra lilipoharibika njiani tukakaa saa tatu kwenye kituo cha mafuta, na sisi wanne tukatoa vyombo ili watu wasigombane. Madereva wa malori walitupigia makofi. Tangu hapo tunajiita Kwarteti Vrbata, kwa jina la marehemu Vrbata, mwalimu wa shule wa hapa hapa, ambaye alitunga kwarteti moja nzuri mno, muziki wa vyombo vinne, akafa, na ikawekwa kabatini.

Ila Bi Vlasta hakutaka kusikia habari ya jina. Radovan alitusimulia kantini, masikio yakiwa mekundu. Tangazo litasema tu "Wanamuziki wanne wa Okestra ya Mji". Alimwambia hivi: "Jina ni la kwarteti, bwana Šimíček. Ninyi kwa sasa ni wanne."

Tukimridhisha, msimu ujao tutaingia kwenye kijitabu cha chama kwa jina letu, ukurasa mmoja na watu wa Praha na Vienna. Tusipomridhisha, tutabaki wanne.

Oldřich alikuwa anakoroga supu. Anastaafu Juni, baada ya miaka thelathini na nane. Alisema jina lake limechapishwa mara elfu, na mara zote elfu lilikuwa la sita kutoka chini katika orodha ya watu sabini. Akaendelea kukoroga.

Tumekubali.

Alhamisi, 16 Januari

Mazoezi ya kwanza, sebuleni kwangu, ghorofa ya nne. Mke wangu Milena aligawa ndara za wageni. Zilizomwenea Radovan ni zile za waridi zenye manyoya. Naibu kiongozi wa fidla zote za mji! Alizivaa kama mtu anayetia saini kukiri kosa.

Tukaketi. Tukanyanyua pinde. Kimya.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kwenye okestra yupo mwongozaji. Kifimbo chake kinashuka – na sisi hatutoi sauti kinapofika chini. Tunaitoa punde kidogo baadaye. Hakuna aliyetufundisha. Ni mazoea tu, kama watu wa nyumba moja wanavyojua ni ngazi ipi inayolia ukiikanyaga. Watu sabini wanachelewa pamoja, kwa hiyo hakuna aliyechelewa. Sasa ondoa kifimbo. Wanabaki wanne, kila mmoja na uchelewaji wake wa miaka, na hakuna cha kukichelewea.

Mara ya kwanza Jitka aliingia peke yake. Mara ya pili mimi. Mara ya tatu hakuingia mtu, tukabaki tunatazamana, pinde hewani, kama wezi wa matofaa waliomulikwa tochi. Jitka akapendekeza tumwombe mwongozaji aje atupungie mkono mara moja, halafu aende zake nyumbani.

Baadaye tulikula chapati za viazi za Milena. Hizo tulizianza pamoja.

Jumatatu, 20 Januari

Kichekesho cha leo kutoka kwa watu wa tarumbeta: kwa nini kwarteti ina viola? Ili wale watatu wapate wa kumlaumu. Nimecheka. Niko safu ya tatu ya viola mwaka wa ishirini na nane, nimevisikia vyote. Vingine nimevitunga mwenyewe, maana kama lazima mtu asemwe, basi asemwe kwa ustadi.

Tangazo limebandikwa ubaoni. Bila jina. Wanne. Nimelitazama kwa muda usiomfaa mtu wa miaka hamsini na tatu. Robo ya wale wanne ni mimi.

Jumatano, 29 Januari

Vita vya penseli.

Radovan alikuwa amezichukua noti zetu zote kwenda nazo kwake. Leo kazirudisha, na juu ya kila mstari ameandika upinde upande wapi, ushuke wapi. Kwenye okestra ndivyo ilivyo – kiongozi anaamua, wote wanafuata, pinde ishirini zinashuka kama mvua ya upande mmoja. Mimi nilishukuru. Nimezoea kuamuliwa.

Oldřich akatoa kifutio. Akafuta alama moja baada ya nyingine, bila haraka, akipuliza vumbi lake kwenye zulia letu. Tulingoja ukurasa mzima.

"Kijana," akasema alipomaliza, "miaka thelathini na nane mkono huu umekwenda ulikotumwa. Hapa kwa Bohouš utakwenda unakotaka."

Radovan ana miaka arobaini na mmoja, na si jana alipoitwa kijana mara ya mwisho. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Milena, jikoni.

Kuanza bado. Hovyo.

Jumapili, 9 Februari

Nilijua siku moja atapanda. Bwana Kubíček wa ghorofa ya tatu, fundi wa lifti mstaafu, mtu asiyesema zaidi ya salamu tangu tuhamie. Akagonga. Tukanyamaza wote kama wanafunzi. Jitka hata akaficha upinde nyuma ya mgongo.

Hakuja kulalamikia kelele. Alikaa pale pale mlangoni, na joho lake la kuogea, akaomba radhi kwamba yeye muziki haujui. Kisha:

"Lakini huko chini nawasikia kama watu wanne mlangoni, bwana Bohouš. Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Hapana, jamani, wewe. Na mezani supu inapoa."

Akaaga, akashuka.

Radovan alisema hayo ni maoni ya mtu wa lifti. Jitka akamjibu kwamba mtu wa lifti ndiye anayejua habari za milango.

Jumanne, 11 Februari

Mafua. Pua inatiririka kama bomba la jikoni. Nilitaka kuahirisha, Jitka akakataa katakata – alisema viola yangu haitaambukizwa.

Tukawa tunaanza ile kwarteti ya Vrbata. Inaanza kwa sauti nne kwa pamoja, polepole, hakuna pa kujificha. Na mimi, kabla ya kushusha upinde, nikavuta kamasi. Nisamehe, daftari, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikavuta kwa nguvu, mabega yakapanda, yakashuka – na sauti nne zikaingia kama moja.

Tukaacha kupiga kwa mshtuko.

"Rudia hiyo," Jitka akasema.

"Noti?"

"Kamasi."

Nikarudia. Sawasawa tena! Mara tano, na mara zote tano sawa. Oldřich alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alisema huo ndio mwanzo alioungoja tangu alipokuwa mwanafunzi Brno, ila hakutegemea ungetoka mahali pale.

Milena kaniletea dawa ya matone. Nimemwambia aiweke mbali. Pua hii sasa ni mali ya kwarteti.

Jumatano, 19 Februari

Nimepona. Balaa.

Pua kavu, na sisi tumerudi mlangoni. Jitka ndiye aliyegundua: si kamasi, ni pumzi. Mwenye mafua anavuta hewa kwa mwili mzima, na wengine wanamwona, wanamsikia, wanavuta naye. Akaniambia nivute bila mafua. Nikajaribu. Mara ya kwanza nilihisi kama samaki. Mara ya pili niliongeza nyusi. Mara ya tatu tukaingia pamoja, vizuri kuliko siku ile ya mafua.

Radovan akaiweka fidla magotini. Akasema, kwa adabu sana, kwamba duniani kote anayeanzisha ni fidla ya kwanza. Kweli, ndivyo ilivyo. Tukampa nafasi. Akavuta pumzi kama mtu aliyeamriwa na daktari. Tukaingia mmoja mmoja.

Akajaribu tena. Na tena. Kisha akafunga sanduku, akaondoka kabla ya kahawa. Alifika ghorofa ya pili ndipo akagundua ana ndara za waridi miguuni. Akarudi, akavaa viatu vyake, akashuka. Tulivumilia mpaka mlango wa chini ulipofungwa, halafu tukacheka hadi Jitka akalia machozi.

Sasa najuta. Haikustahili. Mimi niliyechekwa miaka yote hiyo nilipaswa kuwa wa mwisho.

Ijumaa, 28 Februari

Habari imefika kwa watu wa tarumbeta. Sijui nani kasema. (Jitka.) Leo kantini: kwarteti inayoanzishwa na viola ni kama basi linaloendeshwa na abiria wa kiti cha nyuma.

Sikucheka. Nilijikuta sicheki, nikashangaa mwenyewe. Miaka ishirini na minane na leo ndiyo mara ya kwanza.

Radovan alikuwa meza ya pili. Alisikia. Aliinamia sahani yake, akayakata madonge ya unga vipande vidogo vidogo, kama anayemlisha mtoto. Mazoezini hunisalimia, hupiga kila noti ilivyoandikwa, huvuta pumzi yake ya hospitali. Nami nimerudi kungoja. Sitaki kumvua nguo mwenzangu mbele za watu.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Vlasta kaja mazoezini. Bila taarifa. Milena akampa ndara, akakaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya zulia, mkoba magotini, penseli mkononi.

Radovan akaanzisha. Tukapiga Vrbata mwanzo hadi mwisho. Hakuna noti moja iliyokosewa, naapa. Sauti safi. Na kila penye kituo, kila penye kuanza upya, ule ufa. Mdogo, mwembamba kama unywele. Nilijisikia nimesimama mlangoni na kofia mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Nasikia wanamuziki wanne wazuri sana. Wanamngoja mwongozaji."

Akamrudishia Milena ndara, zimepangwa kulia na kushoto. Akaongeza kwamba tarehe 27 ikiwa hivi, nafasi ya msimu ujao atawaandikia watu wa Vienna.

Oldřich alichukua muda mrefu kufunga chelo. Mlangoni akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hiyo ya kwenye kijitabu si kwa sababu ya kuonekana. "Juni nitaliegemeza chelo kwenye kona ya chumba, Bohouš. Nataka niwe na mahali pa kulibeba."

Nilimshikia lifti.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi kengele ililia. Radovan, na ua moja la waridi jekundu kwa ajili ya Milena, maana ni siku ya wanawake na yeye ni mtu wa zamani kuliko umri wake. Nikadhani kaja kuaga. Kujitoa kwa heshima. Milena akadhani hivyo pia, akatoa keki zote zilizokuwepo.

Aliomba zile ndara za waridi. Akazivaa. Kisha akaanza kuongea akiwa anazitazama.

"Miaka tisa nakaa ubavuni mwa kiongozi, Bohouš. Natazama bega lake. Likipanda, napanda. Likishuka, nashuka. Watu wanafikiri naongoza. Sijawahi kuanzisha kitu maishani. Hata uchumba, mke wangu Alena ndiye aliyesema."

Nilimwambia Milena pia ndiye aliyesema. Milena, jikoni, alithibitisha.

Akatabasamu kidogo. "Basi vuta wewe. Nitakutazama bega. Najua kutazama bega kuliko mtu yeyote katika nchi hii."

Halafu akaomba nisiwaambie watu wa tarumbeta. Nikamwambia sijawahi kuwaambia kitu wakakielewa.

Tulitoa vyombo hapo hapo, wawili tu. Mwanzo wa Vrbata, fidla na viola. Nikavuta. Ikaingia. Jamani! Mtu anayejua kufuata – anayejua hasa – si mtu wa nyuma. Alikuwa yuko pamoja nami kabla sijafika. Nimejivunia yeye kuliko nilivyojivunia mimi, na mimi nilikuwa nimejivunia mno.

Jumanne, 18 Machi

Ishirini kwa ishirini. Mianzo yote. Jitka anaweka hesabu ukutani kwa karatasi. Oldřich anapiga kama mtu wa miaka thelathini aliyeazima mikono yenye makunyanzi.

Katikati ya mazoezi bomba la joto likagongwa kutoka chini, mara tatu. Tukanyamaza. Baada ya dakika bwana Kubíček akapanda kueleza kwamba yale yalikuwa makofi. Radovan akampa tikiti mwenyewe, kwa mikono miwili.

Jumatano, 26 Machi

Mazoezi ya mwisho, ukumbini. Oldřich kanyoa nywele. Shati langu limepigwa pasi mara mbili. Milena anaomba niache kuvuta pumzi mezani, kila nikivuta naye anakamata uma.

Kesho.

Alhamisi, 27 Machi

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Mapumziko, dakika ishirini. Naandikia kwenye goti, nisomeke nisisomeke.

Ukumbi umejaa. Viti vimeongezwa pembeni. Watu wa tarumbeta wamekuja, safu nzima, wamevaa tai! Bi Vlasta safu ya pili, katikati. Penseli.

Nusu ya kwanza ilikuwa kazi moja ya zamani ya Vienna, nyepesi masikioni, ngumu vidoleni. Tulitoka kama ilivyo desturi – Radovan mbele, Jitka, mimi, Oldřich na chelo. Nikavuta. Tukaingia kama mtu mmoja. Sikuwahi kupiga hivyo. Radovan alikuwa ananitazama bega waziwazi, bila aibu, mbele ya mji mzima. Nilitaka mama yangu awe hai kwa dakika kumi tu.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Bwana Kubíček akapiga makofi. Peke yake. Katikati ya kazi, pale ambapo hapapigwi makofi. Kisha akagundua, akakaa juu ya mikono yake. Ukumbi ukageuka kumtazama, nami nikageuka, nikacheka moyoni, na pumzi ikanipotea. Nikashusha upinde bila kuvuta.

Tukaingia wanne.

Ufa ule ule. Pengine nusu ya watu hawakuusikia. Bi Vlasta aliandika kitu. Kifupi. Neno moja, labda mawili.

Baada ya hapo hatukukosea tena. Lakini aliandika.

Jitka anakula keki ya mbegu, ndivyo anavyoogopa. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wanilaumu, ndiyo kazi ya viola, tulishakubaliana. Oldřich kanipigapiga goti mara moja akaenda kukaza uzi wake wa chini. Bi Vlasta alichungulia mlangoni, akasema ukumbi una joto, akaondoka. Tumechambua maneno hayo pande zote. Hayana kitu ndani.

Sasa ni Vrbata. Sauti nne, polepole, hakuna pa kujificha.

Kengele ya kwanza.

Kupitia upenyo wa pazia namwona Bi Vlasta amekwisha kuketi. Karatasi imefunguliwa gotini.

Radovan amefungua mlango wa jukwaani. Fidla ya kwanza hutoka kwanza, kila mahali, ndivyo ilivyo. Hatoki. Amesogea kando, mgongo ukutani. Jitka nyuma yake na makombo kidevuni, Oldřich nyuma ya Jitka, chelo kifuani.

"Tangulia wewe, Bohouš."

Nimemwambia desturi ni fidla ya kwanza –

"Naijua desturi. Tangulia."

Kengele ya pili. Watu wamenyamaza kule. Pua yangu kavu kabisa. Hakuna anayenisukuma. Wote watatu wananitazama bega, na mimi bado nimeshika kalamu, navuta pumzi, na